Mashine Iliyomeza Mto

Bado naikumbuka siku ile, mwanangu. Ilikuwa Jumapili mchana, hapa hapa Tshopo, ndani ya chumba cha video kilichojaa watu hadi mlangoni, na mimi nimeshika maikrofoni huku jasho likinitiririka. Tangu juzi uliponiambia kwamba wewe na wenzako mnaanza kupiga filamu yenu kule karibu na bwawa la umeme, sijatulia. Nimekwenda sokoni nikarudi bila kununua kitu. Uliniuliza kama filamu inapaswa kukifuata kitabu cha zamani bila kubadilisha chochote. Nikacheka, nikaanza kuzungumzia mvua. Leo nitakujibu, maana nikinyamaza mtapiga picha mkiamini jambo ambalo si kweli, na mimi ndiye niliyewaaminisha.

Unanijua. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja. Nimeshuka na mashua za biashara hadi Basoko, nimelala Yahuma kwa watu nisiowajua, kwa sababu tu nilitaka kuona huko kukoje. Lakini hadithi ya mashine iliyomeza mto, ile niliyokusimulia tangu ukiwa mdogo, sikuitoa safarini. Niliipata barazani kwa Papa Sefu.

Papa Sefu alikuwa fundi wa kushona, mtu wa zile familia za Kiislamu za tangu zamani hapa mjini. Alikuwa na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, hadithi ya mambo yajayo iliyoandikwa na Mzungu mmoja kabla hata baba yangu hajazaliwa. Jioni, mafundi wake wakimalizia vifungo, alisoma ukurasa kimya, halafu akainua kichwa na kutueleza kwa Kiswahili. Tulikuwa tunamsubiri kama watu wanaosubiri chakula.

Hadithi unaijua. Mji mkubwa wa siku zijazo una mashine inayokunywa mto ili kutoa mwanga usiozimika. Kule chini, watu wa msitu wanabaki na matope. Wanakuja mjini kulalamika, na mama mmoja, Asumini, anasimama mbele ya mhandisi na kumwambia maneno yale unayoyapenda: nyinyi mnaona usiku kucha, lakini sisi hatuna maji ya kuwapikia watoto. Mhandisi anazima mashine kwa mkono wake. Mji unaingia gizani, na kwa mara ya kwanza watu wake wanasikia mto ukirudi.

Miaka ikapita, macho ya Papa Sefu yakafa. Kushona kukaisha, kusoma kukaisha. Mimi wakati huo nilikuwa mfasiri katika chumba cha video. Filamu zilikuja kwa Kifaransa au Kiingereza, na mfasiri alisimama kando ya televisheni na kuwaeleza watu kwa Kiswahili na Lingala nani anasema nini. Lugha nilizijua nusunusu. Nusu iliyobaki niliijaza kwa kutazama sura.

Siku moja mwenye chumba akaleta filamu mpya, na nilipoona picha kwenye jalada lake nikakimbia hadi kwa Papa Sefu. Ilikuwa ile ile mashine. Mzee alishika mkono wangu kwa nguvu hata ukauma.

"Kitabu yangu?" akauliza. "Bamekifanya film?"

"Ndiyo, Papa."

"Alors, weye utakuwa macho yangu. Uniambie tu vile iko."

Alikuwa anaumwa, kila mtu alijua. Jumapili ile tulimweka mbele kabisa, fimbo katikati ya magoti. Sikuwa nimepata nafasi ya kuitazama filamu kwanza, na hofu ilinishika tangu mwanzo. Mashine ilikuwa nzuri ajabu, kila gurudumu na kila bomba kama alivyotueleza. Mzee alikuwa anatabasamu. Halafu wakaja watu wa msitu. Walikuwa hawasemi. Walinguruma tu na kurusha mawe, na askari wa mji wakaanza kuwachoma kwa miali ya moto.

Nikamtafuta Mama Asumini kwenye kioo. Hayupo. Nikamtazama mzee, ametega sikio, anasubiri. Nikajiambia huyu ni mgonjwa, hawezi kuona, na hii ndiyo hadithi yake. Nikafungua mdomo, nikamwita Mama Asumini aje mbele. Nikamsemesha yale maneno yake yote, huku kwenye kioo watu wanaungua.

Chumba kikalipuka.

"Eh, mufasiri! Mama gani? Pale hakuna mama!"

"Yee iko naangalia film ya kwao nyumbani!"

"Tonton, kama umelewa, patia mwenzako micro!"

Papa Sefu akasimama. Nilifikiri atawakemea wao. Akanyoosha fimbo kuelekea sauti yangu. "Toka inje na miye."

Mwenzangu akapokea maikrofoni. Nje, jenereta ilikuwa inanguruma, ikabidi mzee aniinamie sikioni.

"Yule mama ametoka wapi?"

"Ndani ya kitabu, Papa. Vile ulikuwa unatusomea."

"Yule mama hayuko ndani ya kitabu. Ni miye nilimutia. Nilimupatia jina ya mama yangu muzazi. Donc niambie, Wazungu ba film bamemujulia wapi?"

Nilitaka ardhi inimeze. Naye akaendelea, taratibu, kama mtu anayefumua mshono.

"Ndani ya kitabu batu ba pori habasemi hata neno moja. Mwandishi anasema banafanana na nyani. Ningewasomea vile? Nyinyi, watoto yangu? Nilikataa. Nikabapatia mudomo."

"Basi ulifanya vizuri, Papa."

"Nilifanya vizuri, lakini sikuwaambia. Angalia sasa. Weye unafikiri neno yangu ni ya yule Muzungu, na miye kipofu ulitaka nirudi nyumbani na film ambayo haiko. Mwisho iko je?"

"Sijui bado."

"Bon. Turudi. Na mara hii, vile iko."

Tukarudi. Watu walinizomea, mmoja akauliza kama mama yangu amekwisha kuoga ili aingie kwenye filamu, chumba kizima kikacheka. Nikashika maikrofoni na kusema kila kitu kama kilivyokuwa. Watu wa msitu walikwisha. Mashine haikuzimwa. Mhandisi alimbusu mchumba wake juu ya mnara, mji unang'aa, na mto haukutajwa tena. Nilisema hata hilo la mto kutotajwa, bila kuthubutu kumtazama mzee.

Nilimwongoza kurudi kwake. Njiani akasema: "Kile kitabu kilikuwa na ubaya yake, lakini kilikuwa na uoga ya kweli. Hawa bamechunga ubaya, uoga bameitupa."

Hakunilaumu tena. Hakukaa sana baada ya hapo.

Sasa umeelewa kwa nini sijatulia. Karatasi zenu mlizonisomea zina Mama Asumini kuanzia mwanzo, na mnajisifu kwamba mnafuata kitabu. Mnanifuata mimi, na mimi namfuata Papa Sefu. Nilipaswa kukuambia miaka iliyopita, lakini hadithi uliipenda sana, na kila mwaka ilizidi kuwa vigumu.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya kamera kuwashwa, kitafute kile kitabu ukisome mwenyewe. Wewe Kifaransa unakijua kuliko mimi. Utakutana na ile dharau, na itakuumiza. Itoe, usiombe ruhusa kwa mtu. Mji wao wa minara hamwezi kuujenga, basi uwe mji wetu, na mashine iwe na sura mnayoweza kuitengeneza kwa mabati. Hayo yote badilisheni. Lakini kile ambacho yule mwandishi alikiogopa, kwamba mtu anaweza kupenda mwanga hadi akausahau mto, hicho msikiguse, maana bila hicho mmechukua jina tu. Na pale mtakapotia mkono wenu, mseme. Mwanzoni kabisa waandikieni watu kwamba yule mama ni wa fundi mmoja wa Tshopo. Na kama ukisha kusoma utaona afadhali umwache nje, mwache. Nitaumia, nakuambia ukweli, lakini hiyo ni filamu yako.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie wewe na wenzako. Umeme usiwakatikie katikati ya kazi, afya isiwapungue, na yeyote atakayekuja kuwatazama, mwenye macho na asiye na macho, arudi nyumbani na kitu cha kweli. Amina.