Kambakoche wa Bibi

Juzi sokoni, mke wa karani mmoja kutoka bara alimnyooshea kidole kambakoche. "Huyu nge wa bahari mnamuuzaje?" Watu wakacheka mpaka muuzaji akashika mbavu. Mie nilimkumbuka bibi.

Bibi yangu aliposhuka gari moshi kutoka Tabora kuja kumwona mkwewe, huyo mkwe, mama yangu, mzaliwa wa Msasani huku pwani, alimpikia kambakoche wa nazi. Bibi akakunja miguu mkekani kama anayekwepa kuumwa. "Mwanangu kaoa wapi, hata nge mnapika?"

 Mama akamenya, akamtilia mnofu sahanini. Bibi akaonja kidogo, kisha akala wote. Mwisho akauliza, "Na kichwa mmekitupa?"

Tangu hapo nyumbani kambakoche tukamwita nge. Bibi alipofariki, jina likaondoka naye.

Pale sokoni nikamsogelea yule mke wa karani. "Dada, mpike kwa nazi. Na kichwa usikitupe."