Kilemba cha Mtaa wa Nyuma

Tulikuwa tukipanga Buguruni, mimi na mume wangu aliyekuwa kuli bandarini. Jioni moja nilikuwa uani naanika nguo, nikamsikia barazani akinong'ona na mwanamume nisiyemjua.

"Kilemba nimeshampa mzee," mume wangu alisema. "Ijumaa nakabidhiwa."

Niliacha kuanika. Kwetu Lindi, kilemba ni haki ya baba wa binti anayeolewa. Hakitolewi mpaka maneno yamekwisha.

Alipoingia nikamuuliza, "Mlikuwa mnaongea nini?"

"Mambo ya kazini tu."

Tangu hapo kila alichofanya nilikitilia shaka. Akinyoa ndevu, namtazama. Akinunua sabuni ya kuogea, nainusa. Jirani yangu, mama wa Kichaga, nilimweleza, akaniambia, "Mwenzangu, usilie. Mfuate."

Ijumaa nikajitanda khanga mbili, nikamfuata kwa mbali hadi Kariakoo. Akapinda kwenye mtaa wa nyuma ya soko, akaingia nyumba yenye baraza ndefu ambako fundi cherehani alikuwa akishona. Sikubisha hodi. Nilimkuta kaketi na mzee mwenye kanzu.

Hata kwa hasira ile adabu haikunitoka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Bi harusi yuko wapi?"

Mzee akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama sakafu.

"Bi harusi gani?" mzee aliuliza. "Mumeo kapewa chumba. Mjini hapa, ukitaka chumba Kariakoo, unatoa kilemba kwanza, kodi baadaye."

Fundi akadakia kutoka barazani, "Hata mimi nilipohitimu cherehani, nilimpa fundi wangu kilemba. Wala hakunioa!"

Walicheka. Nilikaa chini kwa aibu, lakini moyo haukutulia.

"Kwa nini ulinificha?" nilimuuliza tukiwa njiani.

"Nyumba ya kupanga ina masikio. Siku hizi ukisikika umetoa kilemba, balozi wa nyumba kumi anakuita mlanguzi, na mzee anaitwa mnyonyaji. Ningekwambia, ungemwambia jirani."

Na ni kweli, nilikuwa nimeshamwambia.

Tulihamia wiki ile ile. Chumba kilikuwa kizuri, dirisha likitazama mtaani. Nilipokuwa nafagia nikamuuliza mume wangu nani alikaa humo kabla yetu.

"Mwanamke mmoja," alisema. "Peke yake."

"Ulimjuaje?"

"Ndiye aliyeniambia chumba kitakuwa wazi."

Nikaendelea kufagia. Kesho yake asubuhi, mume wangu alipokwenda kazini, nikaanza kujuana na majirani.