Mchango wa Mahari

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa ya miezi sita nilipoanguka mtoni Mulongwe nikiteka maji. Wanawake waliniinua, wakanipeleka dispanseri. Nesi alinivuta ukope kutazama damu, akaniuliza ninakula nini. Nikamwambia ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo, isiyo na mafuta. Akasema damu imepungua, nile maharage na samaki wadogo wa ndagala kila siku, la sivyo siku ya kuzaa nitapata shida kubwa.

Mume wangu alipakua mizigo bandarini Kalundu. Kwa majuma mawili meli hazikuja, na alipolipwa tena, franga zile alikuwa amekwisha kuziahidi. Kaka yake mkubwa, aliyekaa kule bondeni Ruzizi, alikuwa anataka kuoa, naye angekuja Jumapili baada ya misa kuchukua mchango wa mahari. Ndiye aliyemlea mume wangu baada ya baba yao kufariki.

Jumamosi nilimweleza mume wangu maneno ya nesi. Akasema tuvumilie juma moja tu. Mtoto alikuwa anacheza tumboni wakati anasema hivyo. Nikazichukua franga za mahari alizoziweka kitandani, mbele ya macho yake, nikaenda sokoni. Hakunizuia, wala hakunitazama. Nilinunua maharage, ndagala, chumvi na chupa ya mafuta ya mawese.

Jumapili shemeji alifika na kofia yake mkononi, akakaa, akauliza habari za kazi. Nilisimama mlangoni, nikingoja kusikia nikiitwa mwizi.

"Yaya, mkubwa wangu, franga haziko," mume wangu akamwambia kaka yake. "Tumezila."

"Mumezila?"

"Bibi yangu iko na mimba, na damu imepunguka. Miye ndiye nilimutuma soko."

Shemeji alinitazama tumbo, akavaa kofia. Nilimkaribisha chakula, akasema ameshiba, akaondoka. Mume wangu hakugusa maharage siku ile. Alinisogezea bakuli, akasema, "Kula weye." Nilikula kwa aibu, nikamaliza yote.

Nilizaa salama, mtoto wa kike mwenye sauti kali. Siku ya tatu mume wangu alikwenda bondeni kwa miguu kumpa kaka yake habari. Alirudi jioni, vumbi hadi magotini, akamchukua mtoto mikononi. Waliyoambiana huko hakunisimulia hata siku moja.