Saruji Niliyoipaka Chokaa

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika mwiko. Nilifika karakana ya majengo saa moja asubuhi, nimevaa suruali iliyopigwa pasi na mama, nimejiaminisha kwamba siku hiyo hiyo nitajenga ukuta. Mnyapara Mkuu, kiongozi wa mafundi wote wa mawe, alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu, akanipa mti mrefu wa mkoko na kunionyesha shimo.

"Koroga," aliniambia.

"Mpaka saa ngapi, Bwana Mnyapara?"

"Mpaka nkwambie."

Hakuniambia mpaka mwezi ulipokwisha. Mikono ilinitoka malengelenge, na wenzangu waliokuwa juu ya dari walichungulia chini na kunicheka. Nilikuwa nikirudi nyumbani kwetu Ng'ambo nimechafuka, mama ananiuliza nimejenga nini, nami nageuza mazungumzo.

Ndani ya shimo mlikuwa na chokaa. Vijana wa leo mkisikia chokaa mnafikiria ile nyeupe inayopakwa kwenye mashina ya minazi sikukuu zikikaribia. Mimi nazungumzia chokaa ya kujengea. Mawe ya pwani yalichomwa kwa kuni kwenye tanuu siku kadhaa, kisha yakamwagiwa maji. Kazi hiyo tuliiita kuzima chokaa, na ukisimama karibu unasikia inavyofoka. Baada ya hapo hukaa shimoni chini ya maji miezi mingi, ikikorogwa, mpaka ilainike kama samli. Hapo ndipo tunaposema imeiva. Ukiipaka ikiwa mbichi, chembe zilizobaki huendelea kuchemka ndani ya lipu, yaani lile vazi la ukuta, na lipu hutoka vipele ikapasuka.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe na chokaa hiyo, kuta nene kiasi kwamba mtu anaweza kukaa dirishani na miguu isitokeze nje. Kuta za namna hiyo hunywa maji ya ardhini na ya mvua, na jua likiwaka huyatoa. Saruji haina habari hiyo. Ukiipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, maji yanabaki ndani yakitafuta njia, chumvi inachimba, boriti zinaoza ncha. Mnyapara Mkuu hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hili alilisema kila wiki.

"Ukuta wa mji huu una mapafu. Ukiuziba unaugua, na alolala ndani anaugua nao."

Baada ya miaka mitatu nilihamishiwa Mkokotoni, kaskazini, chini ya Msimamizi wa Majengo wa Wilaya. Huyo alipenda haraka. Nilipomwambia kazi ya kwanza ni kuchimba shimo na kungoja, alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Fundi, mimi juu huko wanataka ripoti. Nkawaandikie nini, kwamba tunatazama shimo?"

"Waandikie hivyo hivyo, bwana. Ndiyo kazi yenyewe."

Aliandika kitu kingine, sikumuuliza nini. Tulingoja, tukapiga lipu, na nasikia ukuta ule uko vilevile hadi leo. Niliporudishwa mjini nilikuwa mnyapara mwenyewe, na juu yangu alikuwapo Mhandisi wa Majengo, mtu mwenye asili ya Kihindi, mzaliwa wa mjini humu humu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa fasaha kuliko changu. Kazi yetu hakuipima kwa macho. Aliinamisha kichwa, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Lipu iliyoachana na mawe hutoa mlio mtupu, naye akiusikia alisema, "Fundi Haji, hapa pana uongo." Sote tulilichukua neno hilo. Mpaka leo fundi wa chokaa akikwambia ukuta una uongo, anakusudia hivyo.

Nami nilikuwa mkali, lazima nikiri. Fundi mmoja hodari nilimwondoa kazini kwa ndoo tatu za saruji alizozitia kwenye ukuta wa nyumba moja. Alinieleza kwamba wenye nyumba walikuwa na harusi na walimharakisha. Nikamjibu kwamba harusi ni siku moja, na ukuta ni wa wajukuu. Nililipenda sana jibu langu hilo. Nimelirudia kwenye vikao vingi.

Nilipostaafu tulikuwa tunakaa Michenzani, ghorofa ya tano, na magoti yetu yalikuwa yamekwishachoka na ngazi. Mke wangu, Bi Zuhura, alikuwa na nyumba ya urithi huko Ndijani, kwenye shamba la eka tatu alilopewa baba yake na Serikali. Mzee yule alijenga wakati saruji ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi, kwa hiyo alijenga kwa mawe na chokaa. Tulimwachia binti yetu Rukia ile nyumba ya ghorofani, tukahamia shamba.

Niseme kweli, miezi ile ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Asubuhi natengeneza: leo roda ya kisimani, kesho bawaba ya mlango wa uani, keshokutwa kitanda cha kamba kilicholegea hata ukilala unagusa sakafu. Bi Zuhura ananisimamia na kunikosoa, yeye ambaye hajawahi kushika msumari. Baada ya sala ya alasiri tunakaa barazani, ukutani upande wa magharibi. Yeye anasuka ukili wa mikeka, mimi natia kahawa, redio inaimba taarabu za zamani, na tunabishana kuhusu nani alikuwa mwimbaji na nani alikuwa anapiga kelele tu.

Ukuta huo wa magharibi ndio uliokuwa mbovu. Lipu ya mzee ilikuwa imekwisha nje na ndani, na ndani yake ndicho chumba chetu cha kulala. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na Bi Zuhura alikuwa na hamu moja kubwa, kufunga mwezi wake wa kwanza katika nyumba ya baba yake ikiwa imependeza.

"Baba Rukia, ukuta huu utakuwa tayari?"

"Utakuwa tayari."

Shimo sikuwa nimechimba. Chokaa ya kuiva ingenichukua miezi sita. Jirani alikuwa na mifuko ya saruji iliyombakia alipojenga tangi. Nilijiambia kwamba nitaipaka kwa muda tu, baada ya Idi nitaibandua. Siku mbili Bi Zuhura alipokwenda mazikoni Makunduchi nilipiga lipu yote, na saruji ilipokauka kidogo nikaipaka chokaa nyeupe juu yake, tabaka tatu, ili rangi ya kijivu isionekane. Aliporudi alisimama mbele ya ukuta, mikono kifuani, macho yamemjaa machozi.

"Hii chokaa hii?" aliniuliza.

"Hiyo hiyo," nikamjibu.

Idi ikapita, sikuibandua. Masika ilipoingia, ukuta ulianza kutoka jasho. Kwanza doa moja karibu na sakafu, kisha madoa yakapanda mpaka usawa wa mto wa kulalia. Chumvi ilitokeza kama unga. Chumba kikanuka uvundo, na Bi Zuhura, ambaye kifua chake kilikuwa kimetulia miaka mingi, akaanza kukohoa. Alikuwa hawezi tena kulala mpaka aegemezwe mito mitatu. Daktari wa kituo cha afya alimwambia akae mahali pakavu. Nilimwambia ni mvua za mwaka huu. Nikamwambia ni bati, nikapanda juu ya paa na umri huu nikabadilisha bati lisilo na tundu hata moja. Nikamwambia ni majani ya mgomba yaliyo karibu na dirisha, nikaukata mgomba.

Siku moja, nyumbani hamna mtu, niligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ulilia mtupu kutoka pembe hadi pembe.

Badala ya kusema, nikazidi kutengeneza. Banda la kuku nilijenga upya na kuku wenyewe walikuwa wanne. Kila Bi Zuhura alipokohoa, mimi nilishika nyundo na kutoka. Nilikuwa naona haya, haya ya mtu mzima, na haya hiyo ni nzito kuliko ya mtoto kwa sababu hakuna wa kukuchapa yakaisha. Nilikuwa namuumiza mke wangu ndani ya nyumba ya baba yake, na nilijua jinsi ya kumponya, na dawa yenyewe ilikuwa sentensi moja.

Asubuhi moja nikamkuta amefunga kikapu.

"Nnakwenda kwa Rukia," alisema.

"Siku ngapi?"

"Mpaka kifua kinifunguke. Kisipofunguka, ndo basi, nyumba tutaifunga."

Wiki ya kwanza nilijipikia, nikaunguza wali. Wiki ya pili sikupika. Barazani nilitia kahawa vikombe viwili kwa mazoea, nikakimwaga kimoja. Jumatatu ya wiki ya tatu nikachukua tindo na nyundo nikaanza kubandua. Saruji inaposhika mawe haitoki kwa hiari, inatoka na vipande vya jiwe, na kila kipande kilichoanguka kiliniuma. Nilifanya kazi siku nne. Nilipomaliza ukuta ulikuwa uchi, mawe meusi kwa unyevu. Nikakaa chini kwenye kifusi nikampigia simu.

"Mama Rukia, ile lipu ilikuwa saruji."

Nilisikia watoto wa jirani wakipiga kelele kwenye ngazi za Michenzani.

"Nlikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukanambia nini?"

"Nlikwambia chokaa."

"Haya," akasema, simu ikakatika.

Siku tatu nikangoja. Sijui kama mtu aliyeoa miaka arobaini na zaidi anaweza kuachwa kwa ukuta, lakini siku zile tatu niliamini anaweza. Ya nne wakaja yeye na Rukia. Rukia alikuwa na uso wa kuja kumrudisha mama yake mjini, alitia kichwa chumbani, akaona mawe yako wazi, akasema, "Baba, hapa mtu atalala vipi?" Bi Zuhura alipitisha kiganja kwenye mawe aliyoyapanga baba yake, polepole, toka mlangoni mpaka dirishani. Kisha akamtuma Rukia akachemshe maji, akanigeukia.

"Saruji ningekusamehe siku ile ile. Mimi ndo nlokuharakisha, nnajijua. Lakini kila nkikohoa wewe unashika nyundo unatoka. Nkikuuliza, unanambia mvua, unanambia mgomba. Nkasema huyu mtu ana jambo. Nkafikiri mengine."

"Mengine gani?"

"Mengine ya wanaume walopata kiinua mgongo. Nkafikiri ushapata mke mwengine."

"Mimi? Kwa meno haya?"

Alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakohoa, na Rukia akaja mbio kutoka jikoni. Mimi nilikuwa nalia. Niliogopa sana kumpoteza, na nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya mtoto.

"Unisamehe, Zuhura."

"Nshakusamehe. Chimba shimo."

Nikachimba. Mtu mzima wa umri wangu, mnyapara mstaafu, nikarudi kukoroga. Tulihamishia kitanda chumba cha upande wa pili, tukaacha madirisha wazi, na upepo na jua vikaanza kuukausha ukuta. Majirani wakija, Bi Zuhura hawafichi. "Mume wangu alikosea, sasa anatengeneza," huwaambia, huku akiwapa viti. Mara ya kwanza nilitamani ardhi inimeze. Mara ya tano nikaanza kuwaletea kahawa mwenyewe na kuwaonyesha mahali chumvi ilipopita.

Mlioniomba niandike kuhusu kazi mtataka nimalize kwa kusema ufundi ni nini. Nimefikiri sana hili barazani. Kuchanganya vitu naweza kukufundisha kwa wiki mbili. Kungoja nilifundishwa mwezi mzima na Mnyapara Mkuu, nikadhani nimehitimu, nikawafukuza watu kwa ajili yake, kisha nikashindwa mwenyewe kwa sababu ya machozi ya furaha ya mke wangu, ambayo niliyataka mapema. Yule fundi niliyemwondoa nimemtafuta. Amekwishafariki, Mungu amrehemu. Nilikwenda kwa wanawe nikawataka radhi, wakanipokea vizuri, wakanipa chai, nami nilirudi bado nina deni moyoni. Hilo nitakwenda nalo.

Juzi Bi Zuhura alikwenda shimoni, akachota chokaa kidogo kwa kidole. Ijumaa tunapokea wageni wa posa ya mjukuu wetu, watu wa mjini, wenye macho ya kutazama kila kitu.

"Baba Rukia, hii haijaiva tu? Mbona laini?"

Niliisugua baina ya vidole vyangu. Ndani ya ule ulaini zilikuwamo chembe, chache sana, ambazo asiye fundi asingezisikia.

"Bado," nikasema.

"Bado sana?"

"Miezi miwili."

Alinitazama, akautazama ukuta, mawe yake wazi, hayajapendeza hata kidogo.

"Basi watatukuta hivi hivi," alisema. Akatandika mkeka barazani, akauegemea ukuta, akavuta ukili wake kutoka kikapuni.

Alipoinuka kwenda kutia udhu, mgongo wa kanga yake ulikuwa mweupe kwa vumbi la chokaa ya baba yake iliyobaki baina ya mawe. Nikamwambia angoje nimpanguse. Nikampangusa kwa kiganja, mabegani kisha mgongoni, bila haraka, naye akasimama akaningoja, akivuta pumzi bila sauti yoyote kifuani.