Sabuni na Kichwa cha Baba Mkubwa

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, ni dobi, na uadui wake na mafuta hauna suluhu. Mpe shati lililomwagikiwa mchuzi, utaona anavyokunja mikono kama mtu aliyetukanwa. Jikoni ni vilevile. Supu ikipoa anaengua mafuta ya juu kwa kijiko na kuyamwaga, eti anamlinda mumewe. Nimekula kwake tangu utotoni na supu yenye ladha naisikia kwa majirani.

Mumewe, baba mkubwa, ndiye mpiga pasi wa duka lao. Yeye pia ndiye anayetia alama. Kila mteja ana rangi yake ya uzi, na kabla nguo haijaingia majini, baba mkubwa hushona mishono miwili ndani ya kola. Nguo za nyumbani hazitiwi uzi, maana hazina pa kupotelea.

Mwaka huu akaanza kukosea. Suruali ya mwalimu akampa fundi bomba, na wote wawili wakaja juu. Halafu asubuhi moja alimsalimu mkewe kwa adabu zote, akamuuliza amefuata nguo gani. Mama mkubwa alidhani anataniwa, akacheka. Mimi nilisema twende hospitali leo leo.

Daktari, binti mpole, alimpima kwa muda mrefu. Alisema kumbukumbu zinafifia na dawa haitazirudisha zote. Mama mkubwa akataka kujua ubongo umetengenezwa na nini hata ukachakaa.

"Ukiondoa maji, mama, sehemu kubwa ni mafuta," daktari akasema. "Kila seli ya mwili imefunikwa utando mwembamba wa mafuta. Huo ndio ngozi yake na ndio mlango wake. Unachuja kinachoingia na kinachotoka, na seli zinapeana habari kupitia hapo. Utando ukiharibika, hazisikilizani."

"Mafuta?"

"Mafuta, mama."



Kesho yake mama mkubwa alikuwa ameondoa sabuni bafuni. Baba mkubwa asioshwe kichwa kwa sabuni tena, na dukani asikanyage, kwa sababu mvuke wa pale wote ni sabuni.

"Mama mkubwa, kichwa kina fuvu," nikamwambia.

"Na koti lina bitana. Sabuni inapita. Hii ni kazi yangu, usinifundishe."

Akawa anampaka mafuta ya kupikia utosini hadi yanamchuruzika shingoni. Baba wa watu alikaa sebuleni aking'aa, hajui amekosa nini. Jioni nilimkuta mama mkubwa kwenye beseni, anasugua foronya iliyolowa mafuta hayohayo, analia.

"Sijui natoa doa au namtoa yeye," akasema. "Miaka yote namwengulia. Kama ni mimi niliyemmaliza, niambie."

Nilikuwa na hasira ya kutosha kumjibu vibaya, lakini nilimwonea huruma.

Kukaa bure kulimzidishia baba mkubwa. Alianza kuomba aonyeshwe njia ya kwenda kwake, naye yuko kwake. Tukarudi kwa daktari, na mama mkubwa akamwaga yote, sabuni, mafuta na kijiko cha supu. Daktari hakucheka.

"Sabuni haifiki ubongoni, mama. Mafuta mengi ya huko ubongo unayatengeneza wenyewe. Mengine tunayapata kwenye chakula, kama samaki na karanga, kwa hiyo mpe. Lakini ugonjwa huu hukuuleta wewe kwa kijiko. Na kazini mrudishe."

"Kwa hiyo mafuta ni mazuri au mabaya?"

"Inategemea yapi, na wapi."

Mama mkubwa alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepanga hayo. Akamrudisha mumewe dukani shingo upande.

Wiki chache baadaye alianua gauni lake kambani, akaona ndani ya kola mishono miwili ya kijani. Akakaa kwenye kigoda, kola mkononi.

"Basi mimi ni mteja," akasema.

Akainuka, akamwendea mumewe mezani.

"Gauni langu umelitia uzi wa nini?"

Baba mkubwa hakuinua macho kwenye pasi. "Zisizo na uzi nazisahau."

Mama mkubwa akaenda nyumbani, akarudi amekumbatia magauni yake yote, pamoja na lile la harusi, akayaweka mbele yake.

"Zitie zote."

Baba mkubwa akazima pasi, akafungua kopo la nyuzi. "Rangi gani, mama?"

"Ileile ya kijani," mkewe akasema, akavuta kiti akakaa karibu naye.