Nilimwambia arudi ndani

Leo nimemrudisha jirani yangu ndani ya nyumba iliyomuua.

Asubuhi hapa Mute ardhi ilitikisika kidogo, vikombe vikagongana. Bi Somoe akatoka mbio, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Mwanangu, nini hicho?"

Nikacheka. Jamani, nilicheka!

"Rudi ukapike, bibi. Ni wale watu wanaotafuta gesi, wanaitikisa ardhi wakipima chini huko."

Tangu waje, kila kishindo tunasema ni wao. Hata radi.

Akaniangalia.

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Akarudi jikoni.

Mtikisiko wa pili ulikuja hata sijakaa. Kwangu umeacha ufa tu. Kwake ukuta wote wa udongo na mawe ulimwangukia.

Tumemzika alasiri. Rede, mtandao wa simu, imerudi sasa hivi, na redio inasema lilikuwa tetemeko, limeua watu hadi ng'ambo ya mpaka.

Mlioko Palma na Olumbi, mko salama? Niandikieni hapa chini, hata neno moja.

Na ikitikisika tena, tokeni nje kwanza. Msije kuniuliza mimi.

Mimi sijui kitu.