Siku Marehemu Alipogeuka Padri

Nilipoleta mashine ya leza dukani kwangu Kizwite, nilibadilika hata namna ya kutembea. Hadi wiki ile nilikuwa mpiga picha za paspoti tu, mtu wa kuwaambia watu "inua kidevu, usicheke." Sasa nilikuwa nachora sura za watu kwenye vioo vya kujitazamia. Nikaandika mlangoni "Mtaalamu wa Leza", na kila aliyeingia, hata wa kutoa fotokopi, nilimpa mhadhara.

Mhadhara wenyewe ulikuwa hivi. Leza inachoma ile rangi iliyopakwa nyuma ya kioo, na palipochomwa panabaki wazi kama dirisha. Kisha unabandika kitu cheusi nyuma yake, sehemu zilizochomwa zinaonekana nyeusi, na picha inakaa sawa. Hilo la kitu cheusi nililisema kwa mkazo, kidole juu. Naomba msomaji alikumbuke, kwa sababu mimi nililisahau.

Mteja alikuwa mwalimu mmoja wa mtaa wa Malangali. Baba yake alikuwa anatimiza mwaka tangu afariki, na ndugu walikuwa wanaandaa misa ya kumbukumbu kijijini kwao Mwazye. Alileta picha ya mzee: kichwa cheupe kwa mvi, koti jeusi limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Mama hana picha yake kubwa hata moja," aliniambia. "Nataka aipate siku hiyo."

"Mwalimu, wewe nenda kapumzike," nikamjibu. "Umefika kwa mtaalamu."

Na kweli kazi ilitoka vizuri. Nilikilaza kioo juu ya meza yangu nyeusi, mzee akanitazama kana kwamba nimemchelewesha. Lakini asubuhi ya safari nilitafuta kadibodi nyeusi ya kubandika nyuma, nikaikosa. Ilikuwepo nyeupe. Nikajiambia nyeupe ni safi zaidi, tena inamfaa marehemu. Nikaibandika kwa selotepu, nikafunga kioo kwa magazeti na blanketi bila kukitazama tena, maana mwalimu alikuwa anapiga honi nje. Hakuna aliyenialika Mwazye. Nilijialika mwenyewe, nikitaka kuwepo watu watakaposhangaa.

Walishangaa.

Tulitoka kanisani tukakusanyika uani kwa marehemu. Upepo ulikuwa wa baridi, mama mjane amekaa kwenye kiti, shuka mabegani. Nilimwamkia shikamoo, nikatoa hotuba fupi ambayo hakuna aliyeiomba, kisha nikafunua kioo. Mama akainama mbele, akasema jambo kwa Kifipa. Mimi ni mtu wa Mbeya, Kifipa sikijui, kwa hiyo nilitabasamu na kutikisa kichwa kama mtu anayeshukuriwa.

Mwalimu akaninong'oneza, "Anauliza padri huyu ni nani."

Nikazunguka kutazama. Uso wa mzee ulikuwa mweupe pee. Koti jeusi limegeuka kanzu nyeupe, na mvi zimekuwa giza. Mmisionari mtu mzima alikuwa anatutazama kutoka kwenye kioo, mpole kabisa.

"Ni yule aliyenibatiza," alisema mzee mmoja kwa uhakika.

"Yule alikuwa na ndevu," akapinga mwenzake.

"Alinyoa!"

Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwombea ushindi yule aliyebatizwa.

"Fundi," mwalimu akasema, sauti imebadilika, "baba yangu yuko wapi?"

"Yumo humo humo, mwalimu. Ila amegeuka."

Ikabidi nitoe ule mhadhara upya, safari hii bila kidole juu. Nikakiri habari ya kadibodi, nikaahidi kukirudisha kioo mjini. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia kwa Kiswahili.

"Shida ni hiyo karatasi nyeupe?"

"Ndiyo, mama."

"Inataka nyeusi?"

"Ndiyo, mama, ila kuna kadibodi maalumu ambayo..."

Hakungoja nimalize. Alikibeba kioo kwapani akaelekea jikoni, mimi nyuma yake nikimsihi aangalie kisivunjike. Akanikabidhi. "Kishike hivi. Kikutazame wewe." Akabandua kadibodi, akachovya vidole kwenye mafuta ya kupikia, akakwangua masizi kwenye kitako cha sufuria iliyosongewa ugali wa wageni, akaanza kupaka nyuma ya kioo.

Basi mimi ndiye niliyeona. Alianza chini, na kila kiganja chake kilipopita koti lilirudi jeusi. Kikaja kidevu, ukaja mdomo, yakaja macho. Mwisho kabisa kipaji cha uso, na juu yake mvi zikang'aa. Mashine yangu ilikuwa mjini imefunikwa kwa kitambaa.

"Amefika?" mama akauliza kutoka nyuma ya kioo.

"Amefika, mama."

Akaja upande wangu. Alisimama muda mrefu, mikono yake myeusi ameinua mbali na nguo. "Ndiye," akasema. Kisha akamwita mwanawe, na wale wawili wakalia pale mlangoni pa jiko, nami nimeshika kioo nisijue pa kutazama.

Baadaye niliwekewa ugali wa ulezi na maharage. Mama akaja kukaa karibu nami.

"Mama yako yupo hai?"

"Yupo, mama. Yuko Mbeya."

"Ana picha yako?"

"Ninazo nyingi kwenye simu."

"Sikukuuliza wewe unazo ngapi."

Nikaendelea kula. Mwezi uliofuata nilimpelekea mama yangu kioo chenye sura yangu, kadibodi nyeusi nyuma, nimeikagua mara tatu. Amekitundika sebuleni. Anasema kimetoka vizuri, ila anauliza kwa nini nilikaa kwa majivuno vile.